Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Reli Tanzania (TRC): Treni ya siku za mechi na sikukuu ipangwe kabla reli ya Mtwara haijajengwa

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam kutoka Mtwara. Ningeweza kuipitisha barua hii masijala, lakini jambo lenyewe linawahusu watu wengi kuliko mimi, wa hapa mjini, wa Masasi, wa Newala na wa Tunduru. Nimeona bora tuisome wote.

Habari za reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay tumezisikia miaka mingi. Tunaambiwa itakuwa na urefu wa karibu kilomita 1,000 pamoja na matawi ya Mchuchuma na Liganga, itashusha makaa ya mawe na chuma hadi bandarini, na Serikali inataka kuijenga kwa ubia na sekta binafsi. Sina ugomvi na makaa wala chuma. Ninachokihofia ni namna ubia huo utakavyoandikwa. Mwekezaji anayeweka fedha zake kwa ajili ya mzigo ataitaka njia yote kwa mzigo, usiku na mchana, na hakuna atakayemlaumu kama mkataba haukusema vinginevyo. Naomba mkataba useme vinginevyo. TRC iwe na nafasi yake kwenye ratiba tangu siku ya kwanza, ya treni ya abiria ya mjini na vitongoji vyake, kisha nafasi za nyongeza kwa siku maalumu: mechi, Nane Nane, Idi, Krismasi, msimu wa jando na unyago. Na anayechora stesheni achore akiwa na siku hizo kichwani.

Utaniambia siku hizo ni chache. Ni kweli, lakini karibu uione moja. Simba au Yanga wakishuka kusini, iwe Nangwanda Sijaona hapa mjini au Majaliwa kule Ruangwa, watu wanaanza kuingia tangu alfajiri, na kuingia si tatizo kwa sababu kila mtu anakuja kwa saa yake. Tatizo ni kutoka. Mechi iliyoanza saa 10 jioni inamalizika karibu na saa 12, giza linaingia, na uwanja mzima unamwagika barabarani ndani ya robo saa. Bodaboda iliyokuleta kwa buku sasa inataka elfu tatu. Konda wa Kosta anapiga kelele, "Masasi, Masasi, wawili wa mwisho!" wakati viti vimejaa zamani, na hao wawili wa mwisho watapewa vigoda vya plastiki katikati ya gari, mmoja na mtoto mgongoni. Gari likishatoka linakutana na malori ya makaa yanayokuja bandarini. Kosta iliyojaza kupita kiasi, lori lenye tela, na bodaboda yenye mishikaki ya vijana wanaopeperusha jezi, wote kwenye lami moja usiku. Mimi mwenyewe nimewahi kulipa nauli ya Masasi mara mbili katika usiku mmoja. Gari la kwanza lilitufikisha Mnazi Mmoja, konda akatutangazia kwamba safari imeishia hapo, akazima simu.

Hilo ndilo linaloitwa usafiri wa siku ya mechi kwetu.

Kusini tulikwisha kuwa na reli, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango wao wa karanga kule Nachingwea. Karanga zikagoma, mpango ukafutwa mwaka 1951, reli ikabaki inatafuta mzigo wa kubeba, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Tumebaki na bandari yenye kina kirefu, na hapa mjini tuna Kata ya Reli isiyo na reli. Sisemi abiria wangeiokoa. Nasema ilijengwa ikitegemea zao moja, na zao liliposhindwa hapakuwa na mwingine wa kuitetea. Makaa nayo yana bei yake huko duniani, leo juu, kesho chini. Mwananchi wa Masasi aliyezoea kupanda treni kwenda Mtwara ataipigania reli hiyo hata mwaka ambao makaa hayauziki.

Sasa niingie kwenye hesabu, maana najua kwako hisia hazitoshi. Chukulia stesheni ya mjini na kituo kidogo upande wa Naliendele, kiasi cha kilomita 10. Chukulia treni moja inayobeba watu 500, waliokaa na waliosimama. Kwenda dakika 15, kushusha na kupakia dakika 10, kurudi dakika 15, kushusha na kupakia tena dakika 10. Mzunguko mmoja ni dakika 50. Kwa hiyo anayekosa treni ya kwanza anaisubiri kwa karibu saa nzima, na Mtwara hakuna atakayesubiri saa nzima wakati bodaboda inanguruma mbele yake. Jengeni njia ya kupishana katikati, mtu wa pili aendeshe treni ya pili, na kusubiri kunashuka hadi dakika 25. Zile mita mia chache za reli ya pembeni zinaongeza maradufu idadi ya watu mnaoweza kuwahamisha kwa saa. Zikijengwa pamoja na njia kuu ni gharama ndogo. Zikija kuongezwa baadaye, wakati treni za makaa zinapita, mtalazimika kusimamisha mzigo wa mtu mwenye mkataba.

Vivyo hivyo kwa aina ya treni. Mchongoko, treni yetu ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma, una chumba cha dereva mbele na nyuma. Dereva anashuka huku anapanda kule, safari inaanza. Treni ya kichwa kimoja inataka kichwa kikatwe, kizungushwe, kiungwe upande wa pili, na kwenye safari fupi dakika hizo ndizo zinazokula huduma yote. Sijali kama ya kwetu itakuwa ya umeme au ya dizeli. Iwe na vyumba viwili vya dereva.

Masasi ni habari nyingine. Ni karibu kilomita 200, treni haiwezi kwenda na kurudi kuchukua wengine usiku huohuo. Hapo naomba treni moja tu, ndefu, ije mchana na irudi usiku. Ikiwa na mabehewa manane ya watu 80, inabeba watu 640, ambao ni Kosta zaidi ya 20 zilizoondoka barabarani gizani. Ila ratiba yake isifungwe kwa saa ya ukutani peke yake. Mechi za kombe zinakwenda dakika 120 na penalti juu yake. Tengeni nafasi mbili za kuondoka, ya kwanza kiasi cha dakika 45 baada ya muda wa kawaida, ya pili saa moja na nusu baadaye, na msimamizi wa stesheni awe na simu ya mtu aliyeko uwanjani. Abiria akishaachwa mara moja, mwaka mzima atawasimulia wenzake.

Wenzetu wamepita njia hii. Afrika Kusini walifungua treni ya abiria iitwayo Gautrain tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya Kombe la Dunia, na hawakusubiri njia yote ikamilike. Walianza na kipande cha uwanja wa ndege hadi Sandton, Pretoria ikafuata mwaka 2011 na stesheni ya Park, katikati ya Johannesburg, mwaka 2012. Nasi tuanze na kipande cha mjini wakati wengine wanahangaika na milima ya Ruvuma. Ufaransa walipojenga uwanja wa Stade de France kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 1998, walifungua na stesheni mbili za treni za mjini, za njia mbili tofauti, ili umati ugawanyike.

Lakini sitaki kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Marekani, jijini Minneapolis, walianzisha treni ya vitongoji iitwayo Northstar mwaka 2009, kituo chake cha mwisho kikiwa ubavuni mwa uwanja wa besiboli wa Target Field. Siku za mechi walikuwa na treni zake maalumu na watu walipanda. Siku za kawaida abiria walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, baada ya UVIKO wakapungua zaidi, na mwanzoni mwa 2026 huduma ikafungwa, mabasi yakachukua nafasi yake. Mechi peke yake hazilishi reli. Ndiyo maana nimetaja kwanza treni ya kila siku, ya wanafunzi, wauguzi wa Ligula, wachuuzi wa samaki na wafanyakazi wa bandari, hata kama itakuwa safari mbili asubuhi na mbili jioni. Treni ya siku maalumu iwe ni hiyohiyo imeongezwa safari, kwa wafanyakazi walewale wanaoijua njia. Treni inayotolewa karakana mara nne kwa mwaka siku hiyo ndiyo itakayoharibika.

Na TRC si wageni wa jambo hili. Treni ya abiria ya Moshi mliirudisha Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20 ya ukimya, na kila mtu anajua Desemba Wachaga wanakwenda wapi. Sisi nasi tuna Desemba yetu, na tuna likizo ya Juni, vijana wanapotoka Dar kuja kuwacheza wadogo zao jando na unyago. Mtu anayekwenda kwenye unyago habebi begi dogo. Ana vitenge, ana ndoo, ana kuku wawili na redio ya kukodi, na ngoma inakwenda mpaka asubuhi. Behewa moja la mizigo kwenye treni hizo, tafadhali.

Viwanja vya Ngongo navyo visisahaulike. Nane Nane ya Kanda ya Kusini inafanyika Lindi, na hata kama reli itapita mbali na Lindi mjini, tiketi inaweza kuwa moja: treni hadi kituo cha karibu, basi la mkataba kutoka hapo hadi viwanjani. N-Card, ile kadi ya kulipia kielektroniki, tayari inatumika kwenye viwanja na vivuko. Anayenunua tiketi ya mechi auziwe na nauli ya kwenda na kurudi papo hapo. Hapo mtajua siku mbili kabla ni watu wangapi wanakuja, na foleni ya dirishani usiku haitakuwepo. Bei iandikwe na isibadilike kwa sababu Yanga kashinda.

Mambo madogo nayataja kwa haraka. Jukwaa liwe refu kwa mabehewa manane, siyo matano. Pawe na uwanja wenye uzio na taa nje ya jukwaa, watu wapange foleni humo, waingizwe kwa idadi ya treni iliyopo, maana watu wakibanana ukingoni mwa reli hata askari mia hawatasaidia. Vyoo. Maji. Sehemu ya mama lishe, kwa kodi wanayoimudu.

Naomba kabla mkataba haujatiwa saini mje Mtwara na Masasi na michoro ya stesheni, muibandike ofisi za kata kwa mwezi mmoja, na mtueleze hadharani ni nafasi ngapi za treni ya abiria zimetengwa kwa wiki na ni ngapi kwa siku maalumu. Jibu la "abiria watafikiriwa baadaye" nalo tutalipokea, ilimradi liwe kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Kata ya Reli,
Mtwara