Maganda yenye sumu atayazoa nani?

Mhariri,

Ile taarifa yenu ya wataalamu wanaosafisha maji ya viwandani kwa maganda ya ndizi, makapi ya miwa na magunzi ya mahindi niliisoma, nikamsomea na jirani. Nimenyamaza miaka mingi, lakini hii imenishinda.

Sibishani na sayansi. Ganda likikaushwa, likasagwa na kukorogwa kwenye maji machafu, hunasa madini kama risasi na shaba, hata rangi za nguo. Watafiti wa Brazili walionyesha mwaka 2011 kwamba ganda la ndizi hunasa risasi na shaba kwenye maji ya mto. Ila mliishia pale utamu ulipokwisha. Sumu haifi, inahama tu: ilikuwa majini, sasa imo kwenye ganda. Ganda hilo linapelekwa wapi?

Hapa mtaani Obunga mvua kubwa zikianza, kuna kiwanda hufungulia maji yake machafu kijitoni usiku, kikijua mvua ndiyo itakayobeba lawama. Mifereji ya nyumbani ilipokauka, binti yangu aliloweka shati jeupe la shule kwa maji ya kijito. Kulipokucha kola na makwapa yalikuwa ya buluu, na sabuni haikufua dafu. Mwalimu akamrudisha nyumbani, eti mchafu. Nikaenda kiwandani na shati mkononi. Askari wa langoni akalitazama, akaniuliza nina miadi na nani. Miadi! Wao na maji yao walipoingia uani kwangu usiku wa manane walikuwa na miadi na nani? Sheria ipo, kanuni za ubora wa maji zinataka leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kabla mtu hajamwaga chochote. Basi waniulize mimi leseni ya shati!

Na kaunti nayo. Pale soko la Kibuye maganda safi kabisa hulala mpaka yakatoa funza, na wachuuzi wanatozwa ada kila kukicha. Mbuzi wa mjini hujilia hapo. Walioshindwa kuzoa ganda la kawaida ndio watakaozoa lililoshiba risasi? Mbuzi hatajua tofauti, nasi Jumapili tutamchinja.

Pendekezo langu ni hili. Mdomo wa bomba la kila kiwanda uhamishwe kutoka nyuma uje mbele, kando ya maegesho ya mkurugenzi, umwage kwanza kwenye kidimbwi cha samaki aina ya ngege. Ngege hao ndio wapikwe siku ya mkutano wao wa mwaka, na ugali. Maganda watumie wakipenda, lakini yakishamaliza kazi yabaki ndani ya ua wao.

Mama wa shati la buluu,
Obunga, Kisumu