Barua ya malalamiko: gari la ufukweni lisiloruhusiwa kukanyaga mchanga

Kwa Meneja,
Ofisi ya kukodisha magari,
Maskati, Omani.

18 Februari 2025

YAH: KUZUILIWA KWA AMANA YANGU YA RIALI 200 BAADA YA SAFARI YA KHALUF

Assalamu alaykum.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichozungumza kaunta siku ile, mlipotuuliza sisi ni wa Unguja mjini au shamba, mkatupa kahawa na haluwa, mkatuambia tumefika kwa ndugu. Basi na tumalizane kwa lugha ileile.

Alhamisi ya tarehe 13 Februari nilichukua kwenu gari la 4x4 kwa siku tatu, riali 45 kwa siku, nikaweka amana ya riali 200. Kwingine ningepata gari kwa bei nafuu. Nilikuja kwenu kwa sababu ya tangazo lenu: gari hilohilo, namba ileile, limeegeshwa juu ya mchanga mweupe wa Khaluf, hema limefunguliwa ubavuni na bahari iko nyuma yake. Chini pameandikwa kwamba limeandaliwa kwa ajili ya kwenda ufukweni na kulala hukohuko, na kwamba vifaa vya kujinasulia vimo vyote. Tulipokuwa tunaondoka, kijana wenu akanitumia kwa simu alama ya ramani ya mahali pa kupiga hema. Alisema ndipo mnapowaelekeza wageni wote.

Wewe ni mwenyeji kuliko mimi, unajua Khaluf palivyo. Lami inakwisha kijijini. Kuanzia hapo ufukwe ndio barabara. Mvuvi na mtalii wote wanasubiri maji yapwe, wapite kwenye mchanga mgumu ulioachwa na bahari. Na kulala pwani si kosa pale, si kama hifadhi ya kasa ya Ras al-Jinz ambako huwezi kujipigia hema unapotaka. Kwa hiyo anayekodisha gari la kwenda Khaluf hawezi kusema hakujua kwamba litakanyaga mchanga.

Lami ilipokwisha nilipunguza upepo wa matairi hadi paundi 18, ili yatandae yasichimbe. Ndipo nikafungua sanduku la vifaa. Pampu ya upepo ilikuwemo, waya wake umekatika. Kamba ya kuvutia ilikuwemo, vyuma vya kuifungia kwenye gari havimo. Beleshi hakuna kabisa. Nilichokuta kwa wingi ni vigingi vya hema la watu wengine. Kosa langu la kwanza ni hilo, nalikiri: sanduku ningelifungua mbele yenu, Maskati, si baada ya kwenda zaidi ya kilomita 400.

Mahali penyewe ni pazuri, sitasema uongo. Vilima vya mchanga vinateremka mpaka majini, na jioni heroe walipita juu yetu kwa safu watoto wakanyamaza kimya, jambo ambalo halijatokea tangu tutoke nyumbani. Lakini baada ya magharibi mama yangu, mzaliwa wa Mkokotoni, pwani ya Unguja, aliutazama mwezi, akautazama mstari wa mwani ulioachwa na maji, akasema: “Mwanangu, hili bamvua. Maji ya leo hayaishii hapo.” Bamvua ndiyo yale maji makubwa yanayojaa kupita siku nyingine, na mwezi ulikuwa umepevuka tangu jana yake. Nikamjibu kwamba wenyeji ndio waliotuelekeza hapa. Hilo kosa langu la pili, na mama hajaacha kunikumbusha.

Kwenye saa nne za usiku maji yaliingia hemani. Mama na watoto tuliwahi kuwapandisha kilimani, gari hatukuliwahi. Matairi ya mbele yalizama mpaka ekseli, na kila wimbi lilipokuwa likirudi lilichota mchanga zaidi chini yake. Nilichimba kwa sufuria ya wali. Mke wangu alichimba kwa kifuniko chake. Namba yenu ya dharura, ambayo mmeandika inapokewa saa 24, niliipiga mara 11 kutoka juu ya kilima, ambako ndiko peke yake palipokuwa na mtandao. Jibu lilikuja Jumamosi asubuhi, kwa ujumbe: “Karibu, tukusaidie nini?”

Waliotusaidia ni wavuvi watatu waliouona mwanga wa tochi zetu. Walikuja na pikapu yao, ileile wanayovutia mashua, wakafunga kamba ya nanga kwenye gari lenu, wakalitoa kwa mivuto minne. Asubuhi mzee wao alirudi na pampu yake akatujazia upepo. Nilimpa riali 20, akaukunja mkono wangu akanirudishia. Alichokubali ni chai na mkate.

Nilirudisha gari Jumamosi jioni. Fundi wenu alilikagua, akaandika kwamba halina hitilafu. Kisha mfanyakazi mwingine akapitisha kidole ndani ya rimu, akakuta mchanga, akaniletea hesabu: riali 45 za kuosha chumvi, riali 60 za “huduma ya kuokoa gari”, na riali 95 za kuvunja mkataba kwa kutoka nje ya barabara. Jumla riali 200. Imelingana na amana bila kuzidi wala kupungua baisa moja. Sijawahi kuona hesabu yenye adabu namna hiyo.

Kifungu cha kuvunja mkataba nimekisoma sasa. Kiko ukurasa wa nne, kwa Kiarabu na Kiingereza, kwa herufi ndogo kama chawa: gari lisitoke kwenye lami, na bima haifanyi kazi likitoka. Kifungu chenyewe hakinishangazi, kampuni nyingi za kukodisha magari zinacho. Ninachouliza ni kimoja: gari lile lilifikaje pale lilipopigwa picha ya tangazo?

Ama mnakodisha gari la ufukweni, ama hamkodishi. Hamuwezi kulikodisha asubuhi na kulikataza jioni, baada ya fedha kuingia.

Riali 45 za kuosha nazikubali, chumvi ilikuwepo na ni mimi niliyeipeleka. Nataka riali 155 zilizobaki zirudishwe kwenye akaunti niliyolipia, ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Nataka pia alama ile ya ramani muiondoe leo, kabla hamjampelekea mtu mwingine mwenye watoto. Bamvua linarudi kila mwezi mpevu na kila mwezi mwandamo, na si kila mgeni amesafiri na mama yake. Siku hizo zikipita bila jibu, nitapeleka mkataba, picha za sanduku la vifaa, orodha ya simu nilizopiga na nakala ya tangazo lenu kwenye Mamlaka ya Kumlinda Mlaji.

Na hizo riali 60 za kuokoa gari, kama bado mnaona lazima alipwe mtu, mpelekeeni aliyeliokoa. Nendeni Khaluf mkamuulizie mwenye pikapu nyeupe. Mtaoneshwa kijiji kizima, lakini mkivumilia mtampata.

Wassalaam,

Mteja wenu wa tarehe 13 Februari