Kuhusu kijana wetu, na safari ya kuja Dodoma

Chang'ombe, Dodoma

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila upepo wa mwezi huu unataka kutuezulia mabati, na vumbi ndiyo usiseme. Barua yako nimeipokea kwa yule kondakta, bahasha ikiwa bado imegundishwa vizuri. Nimeisoma peke yangu chumbani na sijamwonyesha mtu.

Umeniuliza kama hapa Dodoma kuna mtu wa kuzungumza na mwanao huyu aliyebadilika, au ni ile hospitali ya akili ya Mirembe tu. Wapo, shoga, na hao wa Mirembe ni miongoni mwao. Najua hapo moyo umeshapiga paa.

Sisi tumekua na utani wa Mirembe. Mtu akivaa ndala za rangi mbili, Mirembe. Akicheka peke yake kwenye daladala, Mirembe. Ukienda Dar ukasema unakaa Dodoma, wanakuuliza umeruka ukuta lini. Hospitali ile ipo tangu 1927, enzi za Mwingereza, na miaka yote hiyo watu wameikumbuka kwa wagonjwa walioletwa wamefungwa kamba. Leo ndiyo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Ukikaa asubuhi kwenye mabenchi ya kliniki utawaona watu kama mimi na wewe: mama na binti mwenye sare ya shule, mzee aliyepotewa na usingizi, mtumishi wa serikali anayejifanya anasoma simu ili asitambuliwe. Wanaonwa, wanapewa dawa au tarehe ya kurudi, wanapanda bajaji kwenda zao. Halafu kuna Isanga, ambako hupelekwa wenye kesi mahakamani. Watu wanavichanganya viwili hivi, ndiyo maana mama mkwe wako akisikia Mirembe anaona pingu.

Sasa tumrudie kijana. Kulala mchana kutwa, kuacha mpira alioupenda kuliko chakula, kusukuma sahani, kumjibu baba yake kwa mkato, alama kuporomoka kidato hiki cha tatu. Shemeji anasema ni simu na ujeuri wa kisasa. Simu inaweza kuwa na lake, sikatai. Lakini hali kama hiyo ikimganda mtoto zaidi ya wiki mbili, ikamtoa kwenye kila alichokipenda, inafaa aonwe na mtaalamu. Kuna ugonjwa unaitwa sonona, yaani huzuni nzito isiyomtoka mtu, na kwa vijana mara nyingi hauji na machozi, unakuja na hasira na kununa, ndiyo maana wazazi wanauona kama utovu wa adabu. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya kila saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Darasa la wanafunzi sabini, hao ni kumi. Sijui mwanao anaumwa nini, mimi si daktari. Nasema tu kwamba viboko haviwezi kumpima.

Na ule mstari ulioukuta nyuma ya daftari lake, kwamba angekuwa hayupo mngepumzika. Huo usiupitie juu juu. Mwulize. Kaa naye mahali penye utulivu, umwulize kwa maneno yaliyonyooka kama amewahi kufikiria kujiua. Najua unaogopa utamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wanasema kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, na wengi hushusha pumzi kwa kupata mtu wa kumwambia. Ukishamwuliza, nyamaza. Usimlilie, usimhubirie, usimwambie "wewe una shida gani wakati chakula kipo". Msikilize mpaka mwisho.

Jambo jingine la leo hii, kabla hata ya kupanga safari: hapo Kibaigwa kila nyumba ina dawa za kuhifadhia mahindi na za shambani. Zitoe ndani. Zipeleke kwa shemeji ghalani zikafungiwe kwa kufuli, au kwa jirani unayemwamini. Na vidonge vyote vya bibi pia. Usimfanye kijana ajione mshtakiwa, fanya kama unasafisha stoo. Akikwambia kwamba ameshapanga, au ukaona anaaga aga na kugawa vitu vyake, usiningoje mimi wala Jumatatu. Usimwache peke yake, na umpeleke hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, hata usiku. Wapo wanaoficha kwa sababu sheria yetu inahesabu kujaribu kujiua kuwa ni kosa. Wewe kwa daktari usifiche neno. Ipo pia namba 116, simu ya watoto, haikati salio. Unaweza kupiga wewe, na yeye mwenyewe anaweza kupiga. Iandike umwachie mahali atakapoiona.

Kama hali si ya kukimbizana, anzieni hospitali ya wilaya pale Kongwa. Waombe wampime kwanza mwili: damu, malaria, na wakiweza tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na matatizo ya tezi humchosha mtu na kumnyong'onyeza vile vile. Kisha waombe karatasi ya rufaa, hasa kama mtatumia kadi ya bima. Ukija nayo, mambo ya dirishani yanakuwa mepesi. Kama hakuna bima na mfuko umetoboka, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali kuhusu msamaha wa gharama. Usione haya, ndiyo kazi yao.

Huku mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General, kuna Benjamin Mkapa kule upande wa chuo kikuu, na kuna Mirembe. Ukifika, jua unamtafuta nani. Daktari wa magonjwa ya akili ndiye anayepima na kuandika dawa. Mwanasaikolojia, au mnasihi, ndiye wa tiba ya mazungumzo. Kuna sehemu utaonwa na daktari dakika chache, ukapewa vidonge, ukaambiwa nenda. Hapo ndipo useme kwa adabu: daktari, naomba mwanangu apate pia mtu wa kuzungumza naye, na kama kuna siku ya watoto na vijana tupangiwe hiyo. Usiposema, msururu ule wa watu nje utakumeza.

Wapo na wa binafsi. Wengine wazuri sana, na wengine ni hawa makocha wa maisha wa mtandaoni wenye picha za suti. Ukielekezwa kwa mtu, mwulize amesomea nini, wapi, na kama amewahi kuhudumia vijana wa umri huo. Mwenye elimu yake hachukii kuulizwa. Anayekuahidi kwamba siku tatu mtoto atakuwa kama mpya, mwage chai yake uondoke.

Nikueleze ya binti yangu, huyu wa marehemu dada, maana uliniuliza na mimi sikuwahi kukusimulia. Alipoanza kujifungia, tulianzia kituo kimoja, na yule dada wa mapokezi akasoma tatizo lake kwa sauti mbele ya watu. Binti alitoka pale akasema harudi, na sikumlazimisha arudi pale. Tulikwenda kwingine. Huko tukapata mzee mmoja mpole, mwenye elimu, lakini binti alikaa mbele yake kama anasubiri matokeo ya mtihani. Alisema anafanana na mwalimu wa nidhamu. Nikaomba abadilishiwe, wakampa mwanasaikolojia wa kike, kijana, na hata huyo hakufunguliwa mlango siku ya kwanza. Walichora. Waliongea habari za nywele. Mimi niko nje kwenye benchi nahesabu nauli na kujiuliza kama pesa yangu inaishia kwenye kusuka.

Baadaye nikaanza kuelewa. Alikuwa anapewa kazi ndogo ndogo za wiki: aandike lile wazo linalomjia usiku, kisha aandike ushahidi wake, kama mtu anayemhoji shahidi. Atoke nje kila asubuhi hata kama hajisikii, hata kwenda dukani kununua chumvi. Ampigie rafiki mmoja. Vitu ambavyo ukivisikia unasema, kumbe ni hivi tu? Lakini mimi nilikuwa nimemwambia atoke nje tangu mwanzo na hakutoka. Tofauti ni kwamba kule hakuambiwa na mtu aliyechoka naye.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko kote. Kile chumba ni cha mtoto, si chako. Mtaingia wote mwanzoni, utaeleza unavyoona wewe, kisha utaombwa utoke. Toka. Na mkiwa njiani kurudi usimwulize "mmeongea nini". Utatamani, shoga, utatamani mpaka ulimi uwashe. Mnunulie mahindi ya kuchoma, ongeeni habari za Yanga. Mnasihi mzuri atakwambia mapema kwamba siri za kijana atazitunza, isipokuwa maisha yake au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, hapo atakuita. Ukikubali hilo, kubali kweli. Kijana akishahisi kwamba anayoyasema yanafika kwa baba yake jioni, atafunga mdomo na mtakuwa mnalipa nauli bure. Binti yangu nilikuja kumwuliza, baada ya miezi mingi, kwa nini kule aliweza kusema na kwangu hakuweza. Akanijibu, "Mama mdogo, wewe ungelia, halafu ningeanza kukubembeleza wewe." Sikuwa na jibu. Ni kweli ningelia.

Kuhusu dawa, si kila kijana anaandikiwa. Hali ikiwa ya wastani mara nyingi mazungumzo huanza kwanza. Akiandikiwa, zile za sonona si vidonge vya usingizi na hazimgeuzi mtu zezeta, kama wanavyosema vijiweni. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu, kwa hiyo asiziache siku ya kumi kwa kuwa hajaona kitu, wala asikatishe ghafla akijisikia vizuri bila kumwambia daktari. Na kwa vijana, zile wiki za mwanzo ndizo za kumwangalia kwa karibu zaidi. Baadhi yao hupata fadhaa, na mawazo mabaya yanaweza kuongezeka kabla ya kupungua. Ukiona hivyo, mrudishe haraka, usingoje tarehe ya kliniki. Dawa umpe wewe mkononi kila siku, usimwachie boksi zima.

Mama mkwe anataka mganga wa Mpwapwa. Sitaki ugomvi na mama mkwe wako, nilishaonja ulimi wake kwenye harusi yenu. Mwambie tu kwamba kwa sasa fedha ni ya nauli ya hospitali. Kanisani endeleeni, aombewe, ila ombi lisitangazwe kwa kipaza sauti na jina lake lisitajwe. Shuleni, mwone mwalimu wa malezi faraghani kabla hujaenda kwa mkuu, uwapelekee karatasi ya hospitali ili asipigwe kwa kutohudhuria. Hawahitaji kujua zaidi ya hapo.

Kwa shemeji, sidhani kama ni mtu mbaya. Anaogopa, na mwanaume akiogopa anafoka. Usibishane naye kuhusu neno "akili". Mwambie mtoto halali vizuri, hali, amepungua uzito, anahitaji kupimwa. Hayo yote ni kweli, na hayo anayakubali. Akija naye kliniki siku moja, akamsikia mtaalamu mwenyewe, itasaidia kuliko maneno yangu na yako.

Na kijana mwenyewe umwambie ukweli wa mnakokwenda. Usimdanganye kwamba mnaenda kumsalimia mama mdogo halafu ajikute kwenye geti la hospitali. Mwambie tutakwenda kuonana na mtu, akimpenda sawa, asipompenda tutatafuta mwingine. Mpe na nafasi ya kuchagua kama anamtaka mwanaume au mwanamke.

Njooni Jumapili mlale kwangu, Jumatatu tudamke. Mkifika stendi ya Nanenane msipande bajaji ya wale wanaovuta mabegi, nitamtuma mwanangu mkubwa awapokee. Lete karatasi ya rufaa, kadi ya bima, cheti chake cha kuzaliwa, na uandike kwenye karatasi tangu lini alianza kubadilika, usingizi wake, chakula, na kama kuna mtu kwenye ukoo wenu au wa shemeji aliyewahi kuugua hivi au kifafa, maana wataulizia na ukiwa mbele ya daktari utasahau. Huenda akapewa na karatasi ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Mwache aijaze mwenyewe, usimchungulie begani.

Godoro la ziada lipo, atalala sebuleni na wajomba zake wadogo hawa, ambao hawataulizwa wala hawataambiwa kitu. Nitumie ujumbe kabla ya Ijumaa niombe ruhusa kazini, na unijulishe kama bado hali samaki ili nijue nipike nini.

Ni mimi,
Jirani yako wa zamani