Barua kwa binamu yangu: kwa nini hatupandi minazi

Kwako binamu yangu,

Ulipokuja Idi iliyopita tukapita pamoja Kisauni, uliiona mihogo na mchicha nyuma ya nyumba ukaniuliza, kwa kicheko ambacho hakikunichekesha, kwa nini sisi tuliobaki huku Mombasa tunang'ang'ania mazao ya msimu ilhali mnazi mmoja humlisha mtu hadi uzeeni. Sikukujibu kwa kuwa wazee walikuwepo.

Mnazi wetu mrefu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Mjomba alijaribu. Alichimba shimo nyuma ya jiko, akatia majivu na samadi, akapanda mche. Siku ya tatu akaja msimamizi wa mwenye ardhi, akaung'oa na kuulaza kizingitini. Hakutukana wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Mzee, mihogo panda, mti usipande." Na alijua anachokisema, maana kwa desturi ya Pwani tangu zamani ardhi yaweza kuwa na mwenyewe na mti ukawa na mwenyewe mwingine, na mwenye mti akitakiwa kuondoka hudai fidia yake.

Hayo hayakuanza na msimamizi yule. Waingereza walipoanza mwaka 1895 kuusimamia ukanda wa Pwani wa maili 10 wa Sultani wa Zanzibar kama nchi lindwa, waliukuta ukiwa na watu, mashamba na makaya, vijiji vya kale vya Wamijikenda, wenyeji wa Pwani. Kisha Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ikamtaka kila mwenye madai ajitokeze kuyathibitisha, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme. Waliozoea makadhi, mawakili na karatasi walijitokeza. Wamijikenda wengi, ambao kwao ardhi ilikuwa ya ukoo na ushahidi wake ni makaburi na miembe, walibaki nje ya daftari. Mwaka 1963, ukanda ulipokabidhiwa Kenya, makubaliano yaliahidi kuziheshimu hati zilizokwisha kutolewa. Sheria ile ya 1908 ilifutwa mwaka 2012, lakini hati zilizozaliwa nayo zingali na nguvu, na ndiyo maana nasita mtu akiniambia kwamba ukoloni wa ardhi ulikwisha siku ya bendera.

(Usidhani nawachukia wenye hati. Baadhi yao ni wakwe zetu, na walirithi kama wewe ulivyorithi saa ya babu.)

Hata nyumba uliyolala ni ile tunayoiita nyumba bila ardhi: kuta na mabati ni yetu, kiwanja si chetu, na kila mwezi tunalipa ijara, yaani kodi ya kiwanja. Utasema sheria humruhusu aliyekaa kwenye ardhi ya mtu miaka 12 kuidai mahakamani. Ni kweli, ila lazima awe amekaa bila ruhusa ya mwenyewe, na kila risiti ya ijara aliyoiweka marehemu baba yako sandukuni inathibitisha kwamba ruhusa ilikuwepo.

Sasa fikiria chakula. Nenda soko la Kongowea alfajiri utazame malori yakishusha viazi kutoka bara, vitunguu na machungwa kutoka Tanzania. Chakula kipo, kinachotushinda ni bei, na asiye na mti wala shamba hana la kumpunguzia bei hiyo. Kugawa hati peke yake hakutoshi, kwa maana mwenye njaa akipewa hati leo, kesho atamuuzia anayetaka kujenga ghorofa. Kwa maoni yangu, kabla ya hati, ije kwanza haki ya aliyepo kupanda mti na kulipwa thamani yake akihamishwa. Haki hiyo ingebadilisha vitu vingi hata ijara ikiendelea kulipwa.

Mjomba anakusalimu. Mche wake hakuutupa: ameupanda ndani ya ndoo kuukuu ya rangi, akauweka barazani, na msimamizi huupita kila mwisho wa mwezi akija kuchukua ijara. Kuhusu ndoo, hadi sasa hajasema neno.

Ni mimi nduguyo,
Kisauni, Mombasa