Gari lina stika ya sevisi, friza yangu je?

Kwa Mhariri,

Mimi ni mchuuzi wa samaki hapa Kondele, Kisumu, na bado nina uchungu wa kilo 38 za mbuta na ngege nilizomwaga mwezi Aprili. Niliamka Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nipange mzigo wa siku, na kabla sijafikia friza harufu ilikuwa imeshanipokea mlangoni.

Majirani wote walisema ni stima. Hapa kwetu kila kitu kikiharibika ni stima, na mara nyingi ni kweli. Lakini wikendi hiyo taa hazikuzimika hata dakika moja. Isitoshe, friza iliyojaa vizuri, usipoifungua, hushika baridi karibu siku 2 hata stima ikipotea. Safari hii ilikuwa imesingiziwa.

Fundi alikuja, akaivuta friza kutoka ukutani, akafungua wavu ulio karibu na mota. Mhariri, niliona aibu. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi na kufuata taa za nyumba usiku walikuwa wamejazana mle ndani, wamekauka, wameshikana na vumbi na mafuta ya kukaangia mpaka wakawa zulia. Feni ilikuwa imekwama. Fundi akanieleza kwamba joto linalotolewa kwenye samaki lazima litokee hapo. Likikosa njia, kompresa hukimbia usiku na mchana bila kupumzika, hula tokeni za stima, halafu siku moja inaungua. Ndipo nikakumbuka kwamba tangu Februari tokeni za shilingi 500 zilikuwa haziishi wiki, nami nikawa namgombeza mjukuu wangu na televisheni yake. Nimeshamwomba msamaha. Kompresa na gesi vilinigharimu shilingi 11,500, mbali na samaki.

Friza hiyo nilikuwa nimekaa nayo miaka 6 bila fundi kuigusa. Nilipoinunua, dukani waliniandikia dhamana ya mwaka mmoja na kunipa kijitabu cha Kiingereza na Kichina, haya mama, kwaheri. Hakuna aliyeniambia isafishwe lini. Mwanangu naye anaendesha matatu ya Nakuru, na kwenye kioo chake kuna stika imeandikwa kilomita atakazofikisha ndipo aende sevisi. Hangoji injini ife Mau Summit ndipo akumbuke oili. Gari linamlisha yeye, friza inanilisha mimi, lakini ni gari tu lenye stika.

Basi nikamwambia fundi nataka awe anakuja kila baada ya miezi 4, kitu kiwe kimeharibika au hakijaharibika. Akacheka. "Mama, nikikuta kila kitu kiko sawa, nitakudai pesa ya nini?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi kuliko samaki. Fundi huyu si mwizi, ila sisi wenyewe tumemzoesha kulipwa wakati wa msiba. Kompresa ikiungua natoa elfu kumi bila kubisha. Akija kufuta vumbi nusu saa nataka kumpa soda na asante. Kwa hesabu hiyo hata mimi ningekuwa fundi ningengoja iungue.

Nikalipeleka jambo hilo kwenye chama chetu. Tuko wanawake 7, wote wa mtaa mmoja. Tulikubaliana kila mmoja atoe shilingi 600, fundi aje siku moja azunguke nyumba zote, akague si friza tu bali kila chombo cha stima na gesi, aondoke na 4,200 na nauli ya boda mara moja tu. Wengine walitaka tuanze Januari. Nikakataa, Januari pesa ni ya karo. Tukachagua Machi kabla ya mvua na radi, kisha Julai na Novemba. Katibu ameiandika kwenye daftari lile lile la mikopo, na asiyekuwa nyumbani siku hiyo anatozwa 100.

Raundi ya kwanza ilikuwa Julai. Mwenzetu mmoja alisema asisumbuliwe kwa kuwa friji yake ni mpya. Kweli ilikuwa nzuri, lakini fundi alipopaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi jikoni, viputo vikatoka. Mpira wenyewe ulikuwa umechapwa mwaka 2016! Kwa mwingine tulikuta amekuwa akibandua barafu kwa kisu. Fundi alimpigia kelele, maana ukitoboa mrija gesi imekwenda, na sufuria ya maji moto ikiwekwa ndani huku friza imezimwa inayeyusha barafu bila madhara. Mashine ya kufua ya katibu ilikuwa na shilingi 85 kwenye chujio. Pesa hizo tulizinywea chai.

Lililonitisha ni showa za maji moto. Nyumba 2 za kupanga, mwenye nyumba mmoja, na zote waya wa ardhi, ule wa kumkinga mtu asipigwe na stima, haukuunganishwa mahali popote. Wapangaji walidhani ule mwasho wa vidole wanaposhika bomba ni kawaida. Hilo si la chama kulipia, na wenye nyumba wanaosoma gazeti hili wanajua ninachosema.

Kwa wenye maduka, ombi langu ni dogo: mnapouza friji au friza, andikeni kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja, isafishwe wapi na baada ya miezi mingapi. Nanyi mafundi, kwenye vile vibao vyenu vya "tunatengeneza friji", ongezeni bei ya kuikagua ikiwa nzima. Wengi wetu hatujui hata kwamba kazi hiyo inaweza kuombwa.

Raundi ya Novemba ni Jumamosi hii. Wale wadudu walianza kuja tena juzi, kwa hiyo nimezima taa ya nyuma, na friza nimeshaivuta kutoka ukutani ili fundi asipoteze wakati. Ubavuni ina kipande cha plasta alichokiandika kwa kalamu mwezi Julai: "Novemba." Ndiyo stika yangu.

Mchuuzi wa samaki,
Kondele, Kisumu