Kiti cha mwanafunzi mgonjwa kisikae kitupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie watoto ambao majina yao yamo katika madaftari ya mahudhurio ya shule zetu hapa Tanga, ilhali wenyewe wako kitandani: wenye selimundu wanaokaa nyumbani wiki nzima kila maumivu yanapowarudia, waliovunjika viungo, na wale wanaopelekwa Muhimbili kutibiwa saratani kisha wakarejea wakiwa wameagizwa kujiepusha na mikusanyiko. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na nakiri kwamba kwa watoto wa namna hii nilifanya kile walichofanya wenzangu wote, yaani kumwomba jirani yake wa dawati ampelekee daftari anakili. Daftari hufika, lakini maswali ya wenzake, ufafanuzi wa mwalimu na vicheko vya darasani hubaki shuleni.

Nchi nyingine zilianza kulishughulikia jambo hili zamani. Nchini Kanada, tangu miaka ya 1990, ilibuniwa mitambo ya jozi, mmoja ukiwekwa kando ya kitanda cha mtoto na wa pili darasani, huo wa darasani ukiwa na skrini ya kuonyesha uso wake na mkono wa kuinuka anapotaka kuuliza. Marekani ikaja na roboti iitwayo VGo, inayotembea kwa magurudumu. Nchini Norway, kampuni ya No Isolation iliyoanzishwa Oslo mwaka 2015 ikatengeneza AV1, roboti ndogo nyeupe isiyo na miguu wala mikono, ambayo huwekwa juu ya dawati. Mtoto huiongoza kwa kishikwambi akiwa nyumbani: huigeuza kichwa upande anaotaka kutazama, husema kupitia kwake, na akiwa na swali taa ya kichwani mwa roboti humulika.

Kilichonivutia zaidi katika hiyo ya Norway ni kwamba mtoto huliona darasa, bali darasa halimwoni yeye. Asiyewahi kumtembelea mwanafunzi aliyenyonyoka nywele kwa ukali wa dawa anaweza kudhani hilo ni dogo. Mimi nimemwona mtoto akijifunika khanga gubigubi kwa kusikia tu sauti za wenzake mlangoni, ingawa siku zote alikuwa akiwaulizia.

Mwaka jana mjukuu wa jirani yangu hapa Makorora alivunjika mguu akafungwa hogo, tukaomba shuleni kwao turuhusiwe kuweka simu darasani. Mwalimu mkuu alisita kwa kuwa wanafunzi wamekatazwa simu, na sikumlaumu. Alipokubali, tuliiegemeza kwenye boksi la chaki. Siku ya kwanza simu iliteleza, na mtoto akatazama kipande cha dari kwa kipindi kizima kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ni kazi yake kuiinua. Mwalimu alipogeukia ubao, sauti yake ilizama katika kelele za watoto zaidi ya themanini. Kifurushi cha wiki kilikwisha siku ya tatu. Hata hivyo mtoto alikataa katakata tusitishe. Hisabati aliipata nusunusu, lakini wakati wa mapumziko wenzake waliizunguka ile simu wakamweleza nani kagombana na nani, na bibi yake akaniambia kwamba jioni ile alikula chakula chake chote bila kubembelezwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba thamani ya roboti zile iko kwenye shingo inayogeuka na kwenye taa inayomkumbusha mwalimu kuwa yuko mwanafunzi mwingine anayengoja kuulizwa. Mambo hayo mawili tunaweza kuyapata kwa njia yetu. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu, na vingi viko mashuleni hadi leo. Seremala yeyote wa Ngamiani anaweza kuchonga kigoda chenye kichwa cha kuzunguka cha kushikilia kimoja, na mwanafunzi wa zamu, kama tulivyo na zamu ya kufuta ubao, akapewa kazi ya kukigeuza na kunyoosha kidole kwa niaba ya mwenzake. Kipaza sauti kidogo kinachobanwa kwenye kola ya mwalimu kingeondoa tatizo la kelele.

Yaliyobaki ni ya wakubwa. Halmashauri ya Jiji itoe waraka unaoruhusu chombo hicho kwa mwanafunzi mwenye cheti cha daktari, ili mwalimu mkuu asibebe lawama peke yake. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao umekuwa ukizipatia shule kompyuta, ufikiriwe kwa gharama za vifurushi. Wazazi wa darasa zima waombwe ridhaa na kurekodi kupigwe marufuku, kwa kuwa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na picha za watoto si za kusambazwa. Mgonjwa mwenyewe awe na haki ya kuzima anapochoka, bila kuandikwa mtoro.

Najua watakaosema kwamba mwalimu mwenye wanafunzi themanini haongezewi mzigo mwingine. Nimeubeba mzigo huo, siubezi. Ndiyo maana naomba ianze shule moja tu, kwa muhula mmoja, na kwa mtoto mmoja. Ikipatikana hiyo shule, niko tayari kukaa dawati la nyuma wiki mbili za kwanza nikigeuza kile kigoda mwenyewe, hadi watoto wa zamu watakapokizoea.

Mwalimu mstaafu,
Makorora, Tanga