Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: jongoo haumi, sumu ya nini?

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUPULIZIA SUMU MAJONGOO KWENYE VIWANJA VYA SHULE

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Tangazo lililobandikwa ofisi ya kata linasema masika haya shule zetu za msingi zitapuliziwa dawa kwa sababu majongoo wanauma watoto. Nia ni njema, ila sababu siyo. Jongoo haumi, wala hana mwiba.

Anayeuma ni tandu, na kuwatofautisha hakuhitaji mtaalamu kutoka mkoani. Tandu ni bapa, ana mbio, kila pingili ina jozi moja ya miguu iliyotokeza pembeni, na jozi ya kwanza nyuma ya kichwa imegeuka kucha za sumu. Jongoo ni wa mviringo, hana haraka, na pingili zake nyingi zina jozi mbili mbili za miguu mifupi iliyojificha chini ya tumbo. Kinywa chake ni cha kutafunia majani yaliyooza.

Huyu mkubwa mweusi anayewakimbiza hata walimu, wataalamu humwita Archispirostreptus gigas. Yuko kuanzia Msumbiji hadi Kenya, hasa nyanda za chini kama huku kwetu pwani, na ni kati ya majongoo wakubwa kuliko wote duniani. Hufika sentimita 33, maana yake anaipita rula ya mwanafunzi, na miguu yake ni kama 256.

Agiza uletewe mmoja, umweke juu ya karatasi mezani kwako. Miguu hunyanyuka kwa zamu, kundi baada ya kundi, huku vipapasio viwili vifupi vikigonga karatasi kutafuta njia. Macho anayo, ila ni vijidoa tu vilivyokusanyika kila upande wa kichwa. Ukimgusa anajiviringisha, kichwa katikati, gamba nje. Gamba lenyewe limekazwa kwa chokaa, na ndiyo maana akijivua (gamba la kweli, si lile la majukwaani) mara nyingi hulitafuna lile kuukuu ili chokaa isipotee. Dume utamjua kwa pengo la miguu kwenye pingili ya saba: miguu ya hapo imekuwa viungo vya uzazi.

Silaha anayo moja. Ubavuni ana vitundu vinavyotoa majimaji ya kahawia yenye harufu kali. Yakigusa ngozi huwasha na kuacha doa la siku kadhaa; yakiingia jichoni, hapo hakuna mzaha. Ni kuosha kwa maji mengi papo hapo na kumpeleka mtoto zahanati. Hili ndilo lilipaswa kuandikwa kwenye tangazo.

Na kwa nini anaingia darasani? Gamba lake, pamoja na ugumu wote huo, halina nta ya kuzuia maji yasipotee mwilini. Jua linamkausha. Mchana hujificha chini ya majani na matofali, usiku na siku za mvua hutoka, na ardhi ikijaa maji hupanda ukutani. Fagieni majani yaliyorundikana kwenye msingi wa madarasa, zibeni uwazi chini ya milango, mtaona wamepungua bila kununua hata lita moja ya dawa. Mkipulizia, mtakuwa mmetupa jongoo na mti wake: ni udongo uleule ambao watoto wa darasa la kwanza hukalia wakila uji, na kuku wa majirani hupekua humohumo.

Naomba basi zoezi lisitishwe, Bwana Afya apite kwanza shuleni aone kilichopo ni tandu au jongoo, na fedha ya dawa ihamishiwe kwenye milango. Ya darasa la tatu haifungi tangu mwaka jana.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi

Nakala: Afisa Elimu Msingi; Mwenyekiti wa Kamati ya Shule